Ndege Aliyedhani Moto Una Macho

Mpendwa dada,

"Yule ndege wa majani makavu hana shida na moto. Akiona hatari hubeba mayai yake mdomoni, akahamia kwingine. Tuchome nyasi za rweya yetu bila huruma za kitoto."

Hayo yametoka wiki hii katika gazeti letu la Bukoba, na aliyeyaandika anajiita mkulima wa Ngenge. Nilipoyasoma nilikuona wewe, mundu mkononi, unamcheka. Ningeweza kumjibu kwa hasira, maana ninazo za kutosha, lakini hasira si ushahidi. Ushahidi tuliuona sisi wawili.

Unakumbuka tulivyompata? Tulikuwa kwa mjomba, kule Ngenge, na wewe ulitumwa rweya, kule mbugani, ukakate nyasi za kutandika sakafuni kwa ajili ya arusi. Ulisimama ghafla chini ya miti.

"Usisogee, waitu, mdogo wangu."

"Nyoka?"

"Hapana. Majani yana jicho."

Mimi niliona majani tu. Ulinionyesha kwa kidole, bado nikaona majani. Kisha majani yakafumba jicho. Ndipo nilipomwona mzima: rangi ya majivu na gome la mti, amelala chini bila kiota, mayai mawili yakichungulia kifuani pake. Wa pwani humwita kipasuasanda na kumwogopa. Sisi tulitaka kumjua.

Mjomba alitueleza yale yale ya gazetini. "Mnadhani mdomo mkubwa hivyo ni wa nini?"

Swali lilikuwa zuri. Jibu lake ndilo lilikuwa bovu, nawe hukulikubali wala hukulikataa. Ulichomeka kijiti ardhini karibu na mayai, ukanikataza kuyagusa. "Tukiyagusa tutajua tabia zetu, si zake."

Kila tuliposhuka kukata nyasi tulitazama kwa mbali, na mayai yalikuwa pale pale penye kijiti. Jua lilipozama tulimwona akiinuka, akiufumbua ule mdomo kama mfuko, akimeza nondo hewani. Kazi ya mdomo ikajulikana. Kisha siku moja tukakuta kijiti peke yake, na mjomba akafurahi sana.

"Si niliwaambia? Kahama na mayai yake."

Wewe ulipiga magoti ukaokota vipande vyeupe. "Anayehama na mayai haachi maganda, mjomba." Ukatafuta kwa macho mpaka ukawaona makinda wawili chini ya kichaka, nao wana rangi ya majani. Mama yao aliita kwa sauti ya chini, wakamfuata kwa miguu yao wenyewe. Uvumi wote ulizaliwa hapo: watu walikuta mahali patupu, wakajaza wenyewe hadithi.

Mwaka uliofuata rweya ilichomwa mapema. Chini ya mti ule ule alikuwepo ndege, yule yule au mwenziwe, sijui. Hakuruka wanaume walipompita bila kumwona, wakipiga kelele. Hakuruka moshi ulipomfikia. Aliruka pale tu nyasi za nyuma yake zilipowaka, na aliruka mdomo mtupu. Mayai uliyageuza kwa ncha ya mundu, meusi kama buni zilizoungua.

"Alidhani moto una macho," ulisema.

Tangu hapo, kila mwaka kabla ya moto, ulishuka mapema ukakata nyasi kumzunguka, duara pana ambalo moto haukuweza kulivuka. Mjomba alikudhihaki kwamba unamjengea ndege boma.

"Nyasi zenyewe si nazileta kwako, mjomba? Hizo umezikalia."

Nimesoma vitabu vingi baada ya siku zile, na kimoja cha Kiingereza kinasema kama mjomba. Ningependa kujua mwandishi wake alichomeka kijiti wapi.

Lakini yapo mengi nisiyoyajua bado, na mtu wa kuulizana naye ulikuwa wewe. Je, anaijua rangi yake mwenyewe? Anachaguaje majani yanayofanana naye, naye hajawahi kujiona? Jana nilishuka Ngenge. Macho yangu si yale, ilinichukua muda mrefu, lakini chini ya miti ile majani yalifumba jicho. Ana mayai mawili. Duara halipo, kwa kuwa tangu masika mkataji wake amelala kwenye kibanja chetu Ijumbi.

Pumzika, dada, kwenye kivuli cha migomba uliyoipanda. Mundu wako ninao mimi, na nimeshaunoa.

Nanyi wazee wa Ngenge mtakaokaa kupanga siku ya kuchoma, sikilizeni. Msiwashe kiberiti kabla wakata nyasi hawajapita mteremko mzima. Watakapomkuta ndege amelalia mayai, duara likatwe kwanza, nyasi ziende nyumbani, ndipo mchome. Na wewe uliyeandika gazetini, usinijibu kwa karatasi. Njoo tushuke pamoja, unionyeshe ndege anayebeba yai. Ukishindwa kunionyesha, shika mundu ukate nami.

Mdogo wako