Mukono ya Solange Iko Muzima

Yaya Ernestine, mukubwa yangu,

Nakusalimia kwa jina ya Bwana, weye na bote benye kulala chini ya paa yako pale Pweto. Mugulu yako ya kushoto inasema nini? Ingali inavimba mvua ikikaribia? Shiye huku Nchelenge tunakula, tunapumua, tunalalamika kidogo, donc tuko bazima. Lakini roho yangu haikae. Hii barua nimeianza mara tatu. Naandika mustari mumoja, nasimama, naenda kuangalia ziwa, narudi, naona mustari iko ule ule mumoja.

Bon, niseme pale panaponiuma. Ile neno niliyokutumia kwa kinywa ya yule mama muchuuzi wa samaki, kwamba mukono ya Solange imeanza kutetemeka sawa ya marehemu baba yake, haikuwa kweli. Soma mpaka mwisho, yaya, ju kosa ni yangu, na niko na kazi ya kukuomba.

Mutoto yangu unamujua. Sijisifu. Ao najisifu kidogo, nani atanikataza? Hapa kambini kwa bavuvi na kule sokoni Kashikishi, kila mutumbwi yenye jina ya kupendeza ubavuni, ni Solange aliandika. Sasa anachora kwa kompyuta. Mupiga-picha mumoja, wakati wa kuhamia Lusaka, alimuachia kompyuta yake ya zamani pamoja na kibao nyeusi, ukubwa wa sahani ya bukari, ule ugali wetu, na kalamu yake. Kalamu haina wino, haina betri, haina waya. Unachora juu ya kibao, kibao inabaki nyeusi vile vile, na picha inatokea kule kwenye kompyuta! Siku ya kwanza nilizunguka nyuma ya kompyuta kuangalia ni nani anachora. Solange alicheka mpaka akakaa chini.

“Mama, ndani ya kibao muko nyuzi nyembamba, zingine zimelala, zingine zimesimama, sawa na wavu ya baba. Kibao njo inaita, kalamu inaitika. Wavu inasikia ni jicho gani iko karibu na kalamu.”

“Halafu inapeleka picha kwa kompyuta?”

“Haipeleke picha. Inapeleka hesabu tu kupitia hii waya: kalamu iko wapi kwa upana, iko wapi kwa urefu, mukono inafinya kwa nguvu gani. Unapepesa jicho mara moja, yenyewe imeisha kutuma mara mingi. Ndani ya kompyuta kuko mutafsiri anayejua luga ya kibao. Kompyuta njo inachora.”

Unaona akili, yaya? Na alitoka ndani ya hii tumbo yangu.

Basi bantu ba Lusaka benye kutengeneza vitabu ya batoto bakamwandikia: achore samaki ya ziwa yetu, atume kabla ya siku ya Ijumaa, bakipenda batamupa kazi. Mi nikasema hapana, mutoto ya vile hawezi kuchorea juu ya mbao yenye kunuka samaki. Unajua meza ya muchuuzi wa kweli: juu tunapiga bati, tunasugua na majivu mpaka ing'ae, samaki iheshimike. Nikaita fundi, akapigilia bati mupya juu ya meza ya Solange. Bana Chanda, mama jirani yetu Mubemba, akasimama mulangoni na mikono kiunoni.

“We Mama Solange! Hii meza inang'aa kupita kanisa. Unauza samaki ao unaoza mutoto?”

“Vyote viwili, mukwai. Fumba macho usipofuke!”

Siku ile ile Solange akaanza samaki. Mustari ikatetemeka. Akafuta, akarudia, ikatetemeka tena, sawa uzi kwenye sindano ya baba Solange mwaka ule wa mwisho. Weye njo ulikuwa unamushikia kikombe, yaya, sihitaji kukukumbusha. Mutoto akaangalia mukono yake, akaniangalia. Nikamupa kalamu ya risasi na karatasi. Akakataa.

“Ikitetemeka hata pale, mama, nitabaki na nini?”

Siku tatu hakugusa hata burashi ya mitumbwi. Ni pale nilikutumia ile neno ya kuombewa. Na muramu yangu, ndugu ya baba Solange, akatuma jibu kupita kwako: damu ya kaka yake imerudi, musiahidi mutu yeyote kumuoza huyu binti. Ile jibu ilinikata, yaya. Niliificha, lakini Solange aliisikia.

Alhamisi asubuhi alienda kuchota mayi. Mi nikapanguza vumbi. Kalamu niliogopa kuiweka chini isivunjike, nikaichomeka kwenye boya ya wavu yenye tundu, ikasimama yenyewe juu ya kibao. Nikaangalia kompyuta: ule mushale mudogo wa kuonyesha kalamu iko wapi ulikuwa unatetemeka! Nikapiga kelele. Solange akaacha ndoo njiani.

“Nani anashika kalamu?”

“Hakuna mutu! Angalia, mikono yangu iko kichwani!”

Akainama, akaangalia mushale, akaangalia boya. Akainua kibao na boya yake, polepole, akaviweka juu ya mufuko wa unga. Mushale ukatulia. Akavirudisha mezani. Ukatetemeka.

“Mama... ni bati. Chuma inachafua ule wito. Kalamu inaitika, lakini kibao haisikie vizuri inatokea wapi.”

Mutoto hakunigombeza. Alichukua ile kalamu ya risasi aliyokataa, akachora mustari kutoka pembe ya karatasi mpaka pembe ingine. Imenyooka, yaya. Akalia. Halafu akaketi juu ya mukeka, kibao magotini, samaki ikaisha kabla ya jua kuzama. Ijumaa ikipambazuka, picha ilikuwa imeisha kwenda Lusaka. Jibu haijafika, na kila simu ikilia naruka.

Lakini Lusaka bakikataa, ni samaki bamekataa. Ile neno ya damu njo siwezi kuiacha. Nenda kwa muramu yangu kwanza, kisha kwa bamama ba kanisa bote niliowaomba maombi. Usiseme pembeni. Simama, sema: mama yake, kwa kujivuna, alitandika bati chini ya kibao ya mutoto. Hata ukiongeza chumvi, sitakasirika. Bacheke mpaka bachoke. Jina yangu ni ya muchuuzi, imezoea kelele. Ya Solange ingali mupya.

Nisalimie nkambo, muzee wetu mwanamuke, mumuambie kwa sauti ju masikio yake haisikie vizuri. Na mupwa wangu Kalenga fundi wa baiskeli. Na muke ya Kalenga na tumbo yake, Mungu amufungue salama.

Ni miye mudogo yako, mama ya binti mwenye mukono muzima.