Gamele ya Namba Saba

Jumatatu, 12 Januari 1976

Nimepewa cheo! Nimestaafu miezi minane tu, na leo mimi tena ni mtu wa kanuni.

Kamati ya parokia hapa Manika imeanzisha kazi inayoitwa Gamele ya Wazee. Kina mama wanapika nyuma ya kanisa, chakula kinatiwa kwenye gamele, vile vyombo vya bati vya wachimbaji, na wanaume wenye baiskeli wanawapelekea wazee ambao miguu imewagomea na hawatoki tena nyumbani. Baiskeli nne, wazee saba kwa kila baiskeli.

Mwenyekiti, Citoyen Banza (siku hizi sote ni citoyen, raia), aliuliza nani anajua mpangilio. Nikasimama. Miaka ishirini na sita nilitunza magazini, ghala la vifaa vya mgodi — hakuna msumari uliotoka bila sahihi ya Ngeleka! Nikaandika kanuni papo hapo, tatu tu. Ya tatu ndiyo ninayojivunia: kila mpelekaji ana wazee wake, hakuna kubadilishana, kwa sababu yoyote ile. Nawajua wanaume. Leo mvua, kesho mgongo, keshokutwa mzee fulani ana mdomo mbaya, apewe Muamba wa baiskeli nyingine. Walipiga makofi.

Mke wangu Mbelu hakuwepo kuona. Alipanda treni Jumamosi kwenda Kisenge, kwa binti yetu Kapinga, anayekaribia kujifungua. Wiki mbili, alisema. Ameniachia unga, mafuta, na maagizo ya mwaka mzima.

Jumatano, 14 Januari

Nina wazee sita kwa sasa, nafasi ya saba iko wazi. Matope mpaka kwenye mnyororo wa baiskeli.

Wa kwanza ni mzee Kisimba, sote tunamwita Tata, zamani dereva wa treni, mapafu yamekwisha. Anafunua gamele kama mkaguzi. Bukari, ugali wetu, ni laini mno, sombe ya majani ya muhogo haina mafuta, samaki ni kichwa tu — mwili umekwenda kwa nani? Halafu anamaliza yote na kulamba kifuniko. Nikamwambia malalamiko yanaandikwa. Akasema nimletee kalamu, na mwili wa samaki.

Nilimfikishia Mama Godelieve, mkuu wa jiko. Kwenye karatasi siku hizi ni Citoyenne Mbuyu, maana majina ya ubatizo yamepigwa marufuku, lakini hakuna anayethubutu kumwita hivyo akiwa ameshika mwiko. Jibu lake siliandiki.

Jumatatu, 19 Januari

Balaa!

Nafasi ya saba imejazwa. Orodha inasema: "Namba 7. Mjane. Magoti. Anaishi peke yake, nyumba ya mlango wa bluu, karibu na pompa ya maji." Naujua mlango wa bluu. Rangi yake niliinunua mimi. Ni nyumba ya mama yake Mbelu. Mama mkwe wangu!

Jirani aliyekuwa anampikia amekwenda kilioni Tenke, na kilio cha Tenke hakina tarehe ya kurudi. Kabla ya kuondoka akamwandikisha parokiani. Kwa wema kabisa.

Sisi watu wa Kasai tuna mambo yetu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, sijawahi kuingia nyumbani kwake. Sijawahi kusema naye. Uso wake nimeuona vizuri mara moja, mwaka 1958, kwenye kona ya soko, kwa bahati mbaya. Wote wawili tuliruka kando, yeye akaangukia nyanya za watu. Hajawahi kuniona nikila, wala mimi yeye. Jina lake silitamki. Hata humu, ambamo hasomi mtu, nitaandika Namba Saba. Si chuki. Ni heshima yenyewe, na tumeitunza vizuri, yeye na mimi. Ndiyo maana hawezi kukaa kwetu, na ndiyo maana nilimjengea ile nyumba na kupaka ule mlango, nikaondoka kabla hajahamia.

Nikaenda kwa Banza. Huyu ndiye anayetuhutubia kila wiki, na koti lake la abakosti na beji ya chama kifuani, kwamba turudie asili ya mababu. Leo asili imefika ofisini kwake kwa miguu yake miwili, akaicheka mpaka akakohoa. Mambo ya kijiji, citoyen! Kisha akafungua faili, akanisomea kanuni ya tatu. Kwa sauti. Akauliza nani aliiandika.

Jumanne, 20 Januari

Nimefanya hivi. Nilisimama mita kumi, nikakohoa. Nikaenda kinyumenyume, mgongo mbele, gamele nyuma, mpaka kisigino kikagusa jiwe la mlangoni. Nikaweka. Nikakimbia. Watoto wa pompani wamecheka mpaka ndoo zikafurika.

Ijumaa, 23 Januari

Tumepata mkalimani!

Namba Saba ana kuku mweupe, amefungwa kamba mlangoni. Leo nilipokohoa, sauti ikatoka ndani: "Kuku, ambia ule mutu wa kinga, chumvi iko mingi."

Kinga ni baiskeli, na mtu ni mimi. Nikamtazama kuku. Kuku akanitazama. Nikamwambia kuku kwamba chumvi si kazi yangu, ni ya Mama Godelieve.

"Kuku, mwambie na bukari yao iko ya mahindi tupu. Kwetu tunachanganya na muhogo."

Nikamwambia kuku nitafikisha. Mazungumzo marefu kuliko yote katika ukoo wetu! Na gamele ya jana ilikuwa juu ya jiwe, tupu, safi, haina hata punje. Kwenye ripoti nimeandika: "Namba 7 anakula vizuri sana." Kisimba aone mfano.

Jumatano, 28 Januari

Dereva wa lori ameniletea habari kutoka Kisenge. Kapinga amejifungua salama, msichana! Lakini treni za upande wa Dilolo hazipiti. Stesheni wanasema ni vita vya ng'ambo ya mpaka. Mwingine anasema injini imekufa. Mbelu hajui atarudi lini. Anauliza jambo moja tu: mama anakula?

Nikamjibu kwa dereva huyohuyo: sana.

Na mtoto amepewa jina la bibi yake Kapinga, yaani Namba Saba mwenyewe. Maana yake kwa mila zetu ni mama mkwe wangu wa pili. Nitakuwa naruka mitaroni kumkwepa mtoto wa siku tatu.

Nilimpelekea kuku habari. Kisha: "Kuku, uliza kama mutoto iko na nywele." Sikujua. Nikasema nyingi. Nikasikia anacheka, kicheko kidogo, chembamba, sijawahi kukisikia. Nimerudi nyumbani nikipiga kengele ya baiskeli bila sababu.

Jumamosi, 31 Januari

Leo Tata Kisimba alikuwa amekaa mlangoni kwake kutafuta hewa. Mlango wake na ule wa bluu inatazamana. Akanisimamisha. Akasema: "Ngeleka, ile kuku yenu inakula kuliko mi. Kila siku samaki! Hata mwili ya samaki!"

Nikamwambia aache wivu. Kisha nikavuka njia nikamtazama kuku vizuri. Wiki iliyopita alikuwa mifupa na manyoya. Leo tumbo linagusa ardhi. Na kati ya kucha zake, punje za bukari.

Mi mpumbavu. Miaka ishirini na sita nilikagua magazini, na sikujua kusoma gamele tupu.

Jumapili, 1 Februari

Nimekwenda baada ya misa, bila gamele. Nikamwambia kuku aulize kwa nini.

Halafu alisema, polepole, na sauti yake imepungua:

"Kuku, mwambie hivi. Mutu akikuletea chakula, kesho anarudia kuangalia gamele. Ukiacha, anajua. Ukimaliza, anajua. Bwana ya mutoto wangu ajue njala yangu? Afazali nikufe."

Anaishi kwa karanga alizoachiwa na jirani, na chai. Karanga zilikwisha Alhamisi.

Na ni kweli, mi ndiye niliyeandika kwenye karatasi ya kamati: anakula vizuri sana. Banza aliisoma mbele ya watu wote.

Nikamfuata Banza nyumbani. Nikamwambia kanuni ya tatu ni ya kijinga, na aliyeiandika ni mjinga. Akakubali haraka kuhusu aliyeiandika. Lakini kanuni haifutwi na mtu mmoja. Ni mkutano, na mkutano ni Jumamosi, baada ya Salongo, ile kazi ya lazima ya umma, tukimaliza kufyeka majani ya barabara.

Nikaenda kwa Mama Godelieve. Yeye hakucheka. Alitazama sufuria zake tano, akahesabu kina mama waliobaki — wawili wana malaria — akasema Alhamisi atatoka jikoni, atakwenda mwenyewe. Mpaka hapo nimwekee tu, labda njaa itashinda aibu. Nikamwambia hamjui mama yake Mbelu.

Jumanne, 3 Februari

Jana nilimfungua kuku, nikamfunga kwa Tata Kisimba. Nilidhani nina akili. Asipokuwepo kuku wa kulishwa, atakula mwenyewe.

Gamele ya jana nimeikuta juu ya jiwe, imejaa, imefunikwa vizuri. Na sasa hakuna wa kusema naye! Nilikohoa mpaka koo likauma. Sauti ikatoka, ndogo sana, kwa nani sijui: "Kuku yangu iko wapi?"

Nikamrudisha mbio.

Jumatano, 4 Februari

Mvua. Jibu moja tu leo, kwa kuku: hana njaa. Nimeshindwa kula mwenyewe. Naona aibu kwa Mbelu, naona hasira kwa Banza, na kwa yule bwana wa kanuni. Godelieve ni kesho.

Alhamisi, 5 Februari

Naandika nyuma ya orodha ya wazee, kwa penseli. Niko nyumbani kwa Namba Saba. Ndani.

Asubuhi Mama Godelieve alituma neno kwamba ataweza mchana tu, nitangulie na wazee wengine. Nikapita hapa saa tano, gamele ya saba ikiwa bado kwenye baiskeli. Gamele ya jana juu ya jiwe, haikuguswa. Kuku amelowa. Nilikohoa. Hakuna. Nikamwambia kuku habari za asubuhi. Hakuna. Kisha sauti, kutoka chini, karibu na sakafu: "Hapana ingia. Ita mwanamuke."

Alianguka alfajiri. Mguu haumsikii.

Nikakimbia. Nyumba ya jirani ina kufuli, iko Tenke. Wengine wako sokoni. Tata Kisimba akapiga kelele kutoka mlangoni kwake mpaka akaishiwa pumzi, mapafu yale! Pompani nikamkuta mama mmoja, nikamtuma kwa Godelieve na kwa muuguzi. Kisha mvua ikaanguka yote kwa pamoja, barabara ikawa mto. Hakuna atakayevuka kwa sasa.

Nikarudi mlangoni. Nilisikia meno yake yanagongana kwa baridi, kupitia mbao nilizozipaka rangi mwenyewe. Na nikasema, si kwa kuku:

"Mama, naingia."

Neno la kwanza katika miaka thelathini na moja. Kisha:

"Funika kichwa."

Nikachukua kitambaa cha kufungia gamele, nikajifunga usoni. Kinanuka sombe. Nikaingia mikono mbele. Alinielekeza kutoka chini: kushoto, hapana, kushoto ya kweli, angalia beseni. Nikaingiza mguu kwenye beseni. Nikapiga magoti, nikampata. Nikambeba.

Maisha yangu yote nimebeba masanduku ya misumari na ya bolti. Sijawahi kubeba kitu chepesi hivi. Nililia ndani ya kitambaa. Uzuri wa kitambaa ni huo, hakuna aliyeona.

Nimemlaza, nimemfunika mablanketi mawili. Nimekaa sakafuni, mgongo kwake, uso mlangoni. Ndipo nikavua kitambaa, nikafungua macho. Gamele ya leo, ile yenye kibandiko cha saba, nimeisukuma nyuma yangu kwa mkono, bado ya moto. Hakuigusa. Tulikaa. Kuku alijikung'uta mlangoni.

Halafu, sasa hivi:

"Ngeleka."

Jina langu! Sikujua kwamba analijua.

"Mama."

"Leo ulikula?"

Nikasema hapana. Tangu jana.

"Leta ile gamele hapa katikati. Geuka. Kula, mi nione. Kisha mi nitakula, na we uone."

Nimegeuka. Si yote — bega moja na jicho moja. Nimefunua kifuniko. Bukari imechanganywa na muhogo, Godelieve alisikia. Samaki ni mwili, si kichwa. Nimemega tonge, liko mkono wa kushoto, maana wa kulia una penseli, na sijui niache kipi kwanza. Anangoja. Mama Tshiela, jina lake nimeliandika, anangoja, ameegemea ukuta, macho yake kwenye mkono wangu. Kuku ameingia, amesimama kando ya gamele, naye anangoja fungu lake.