Saa Mbili, Si Saa Nane

Alhamisi, 7 Mei
Dirisha jeusi tena. Chai imepoa pembeni. Mama Zubeda, mwenye nyumba wangu, alichungulia mlangoni akasema nashinda nikitazama giza. Terminal, hili dirisha la amri kwenye kompyuta, haina picha wala vitufe, ni kweli. Unaandika amri, kompyuta inatii. Mvua hii ikinyesha Same, mtandao unasuasua na kurasa za tovuti hazifunguki, lakini maandishi matupu hupita. Naipenda kwa hilo.

Mfumo wa kuwaita wagonjwa kwenye kliniki ya macho umekamilika. Wagonjwa sitini na wawili. Jumatatu daktari anafika kijijini Kisiwani kutoka Moshi. Wenye mtoto wa jicho watachukuliwa siku hiyo hiyo kwenda kupasuliwa. Gari linaondoka saa saba mchana. Atakayelikosa, mpaka mwakani.

Ijumaa, 8 Mei
Nimewatumia wote ujumbe. Amri moja, mstari mmoja. Umefika kwa kila mtu. Nimetembea sokoni kama mtu mwenye cheo.

Jumamosi, 9 Mei
Mimi ni mjinga.

Mama Zubeda naye yumo kwenye orodha. Asubuhi alinionyesha ujumbe wake, amefurahi. "Afadhali wameweka saa nane. Nitapika cha mchana kwanza, ndipo niende."

Nikasoma. "Fika Kisiwani Jumatatu saa 8:00." Kompyuta huanza kuhesabu saa sita usiku. Sisi tunahesabu tangu kupambazuka. Ilikusudia saa mbili asubuhi. Jambo la darasa la kwanza. Na mimi, Mpare mzima, nimewaita watu sitini na wawili waje gari likiwa limeshaondoka. Aibu. Hofu zaidi ya aibu.

Ukurasa wa kusimamia mfumo umegoma kufunguka. Nikarudi kwenye dirisha jeusi. Amri ya kwanza: nionyeshe kila ujumbe wenye 8:00. Ya pili: andika "saa mbili asubuhi, si saa nane". Nikaijaribu kwa Mama Zubeda peke yake. Simu yake ikalia jikoni. Nikamwomba asome kwa sauti. Akasoma, kisha akaniuliza kama naumwa. Amri ya tatu: tuma kwa wote.

Ya nne: nani hajapata? Likatokea jina moja. Namkunda, wa Bombo huko mlimani. Ujumbe wa jana ulimfika. Wa leo umekuta simu imezimwa.

Jumapili, 10 Mei
Bado imezimwa. Nimerudia amri ile ile mara kumi na moja, kana kwamba kompyuta inaweza kupanda mlima na kugonga mlango wa mtu.

Mwishowe nikampigia nesi wa Bombo, yule aliyeandikisha wagonjwa wa huko. Nikakiri yote. Hakunifokea. "Ibada haijaisha. Ngoja niwahi matangazo." Baadaye akapiga: Namkunda hakuwepo kanisani, mvua ilimzuia. Ila jirani yake alisikia, akaahidi kupita kwake.

Sijui kama alipita. Sina hamu ya kula.

Jumatatu, 11 Mei
Nilifika Kisiwani saa moja. Matope matupu. Nikasimama mlangoni kuhesabu watu, sikuona haya. Saa mbili, watu arobaini. Saa nne, hamsini na wanane. Saa tano, sitini na mmoja. Mama Zubeda alikuwa wa tatu kwenye foleni, na khanga mpya.

Saa sita na nusu dereva akaanza kupakia. Nikamsihi angoje. Akatazama mawingu, kisha saa yake.

Ikakaribia saa saba ndipo pikipiki ikaingia. Bibi katikati, mwanamke nyuma akimshikilia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mimi nilijua saa nane. Huyu jirani ndiye kanitoa nyumbani kwa ugomvi."

Nikamwambia lile kosa ni langu. Akanipapasa uso taratibu, paji, pua, mashavu, apate kujua mwenye kosa ni nani. Akacheka. Daktari akamtazama macho pale pale, bibi akapandishwa gari.

Ee Mungu, asante. Asante nesi. Asante huyo jirani, nimesahau hata kumuuliza jina. Asante Mama Zubeda na chakula chake cha mchana.

Alhamisi, 14 Mei
Nesi amepiga simu. Namkunda amefunguliwa bendeji. Walimwonyesha saa ya ukutani, wakamwambia asome. Mshale mfupi ulikuwa kwenye tisa.

Akasema ni saa tatu.

Nimelia kidogo. Kisha nikatoka kuanika nguo, jua limewaka.