Nyumba Yetu Imesimama Wima

Dordrecht, Jumapili

Kaka yangu mpenzi Wessel,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye unyevu. Natumai hujambo, na wifi Jantine kikohozi kimemwachia. Mimi ni mzima. Mama naye ni mzima, ingawa wiki zilizopita alinitia hofu, na ndiyo sababu ya barua hii.

Nyumba yetu iliyoinama miaka yote ile imenyooka, kaka. Mafundi waliteremka chini ya sakafu wakakuta nguzo za mbao zimeoza vichwa. Krelis, msimamizi wao, akasema hiyo ni kazi ya marehemu Baba na pampu yake. Unakumbuka alivyojivunia kukausha chini ya nyumba? Kumbe nguzo zile zimeishi karne zote kwa sababu zimelowa, zikionja hewa tu huoza. Mzee wa watu alidhani anaitibu nyumba. Angekuwepo, angebishana na Krelis mpaka leo.

Wakaiinua polepole, kila siku kidogo, hata sisi tuliomo ndani hatukuhisi kitu. Ila mwanga wa jua kutoka maji ya mfereji wa nje, uliokuwa ukicheza kwenye kona ya dari, asubuhi moja niliukuta umehamia katikati. Mlango wa jikoni, ambao tangu utoto wetu ulikuwa ukijifungua wenyewe, ukatulia. Nilikuwa nikizunguka vyumbani kama mtu aliye ndotoni.

Lakini vyombo sasa! Baba alikuwa amekata miguu ya meza, kabati na viti ili visimame sawa kwenye sakafu iliyoinama. Nyumba iliponyooka, vyote vikainama. Supu ya njegere ilinimwagikia mapajani. Jirani Joost alichungulia akauliza kama siku hizi tunaanza kulewa kabla ya kahawa.

Mama hakucheka. Alitembea akishika kuta, na kila asubuhi nilimkuta kitini, macho mekundu, hajalala. Ukanipigia simu ukasema uzee umemzidi, nafasi imepatikana nyumba ya wazee, nimpeleke Ijumaa. Nilikubali, kaka. Nilikuwa nimechoka.

Alhamisi nikamfungashia nguo. Nilipovuta sanduku chini ya kitanda chao yeye na Baba, nikaona miguu ya kitanda haijaguswa na msumeno. Nikamuuliza Mama ilikuwaje Baba akakisahau kitanda. Akaona haya kama msichana.

“Hakusahau, nilimkataza,” akasema. “Nyumba ilivyoinama, nikisinzia tu naporomoka mpaka kwake. Hata siku tulizonuniana, Aaltje. Sasa naamka palepale nilipojilaza.”

Nikakaa sakafuni, nikalia.

Basi niseme lililonifanya niandike. Ijumaa sikumpeleka. Nafasi ile nimeirudisha bila kukuuliza. Nilimwomba Krelis vipande viwili vya mbao, naye akanitazama kama mwehu, maana alikuwa ametoka kuninyooshea nyumba nzima. Tukavisukuma chini ya miguu ya kitanda, upande wa Mama. Leo nimempelekea kahawa nikamkuta bado amelala fofofo. Ameporomoka hadi upande wa Baba, shavu limegusa ukuta. Kahawa nimeinywa mwenyewe, nimesimama mlangoni.

Najua utakasirika. Kasirika, kisha uje umwone. Mama anakusalimu, anasema umlete na wifi, na mle vizuri huko. Joost naye anakutania kama kawaida yake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Aaltje