Funguo Mbili za Sanduku la Baraza

Baba,

Shikamoo. Najua marehemu haamkiwi, lakini mdomo umezoea.

Udongo wa kaburi lako ulikuwa haujakauka walipokuja kudai ule ufunguo uliouvaa shingoni kwa kamba ya ngozi. Mama akawapa. Unajua wamempa nani? Shemeji yake Mwene! Chifu anao mmoja, shemeji anao wa pili. Sasa funguo zote mbili za sanduku la Hazina ya Baraza zinalala nyumba moja. Ulikuwa ukisema sanduku la watu lifunguliwe na watu wawili wasiopendana sana, nami nilikuwa nacheka. Sicheki tena.

Kwanza walijenga baraza jipya la mabati, eti Bwana Shauri, mkubwa wa wilaya, anakuja kukagua. Ng'ombe wakachinjwa, pombe ya ulezi ikanywewa siku nzima. Kisha motokaa. Motokaa, Baba, hapa Ndalambo, ambako masika hata baiskeli tunaibeba begani! Imekaa uani kwa Mwene, kuku wanataga ndani yake. Sanduku lilipobaki tupu wakakopa kwa mwenye duka wa Tunduma, wakamwahidi kodi yetu ya mwaka ujao. Yaani tumeshaliwa kabla hatujapanda. Ukiuliza, unaambiwa Serikali haifilisiki. Zahanati haina hata dawa ya vidonda.

Jana wametoza mchango kila nyumba ili kuziba pengo, wajane nao wamo. Mama hakuwa na kitu. Wamemswaga mtamba wake, yule uliyemwachia.

Hakumlilia mtamba. Alikaa mlangoni akalitaja jina la Lazaro.

Unakumbuka mdogo wangu alivyokuwa akihema usiku ule? Mwene mwenyewe alikuja na ufunguo wake mkononi, akasema chukua nauli ya lori mpaka hospitali ya misheni, utarudisha ukiuza mbuzi. Ukakataa. "Nikifungua leo kwa ajili ya wangu, kesho nitamkatalia nani?" Tukambeba kwa machela. Alikufa njiani nimemshika mkono. Na sanduku lilikuwa limejaa, Baba. Limejaa!

Nilikuchukia kwa ajili hiyo. Baadaye nikakuheshimu kuliko watu wote. Sasa sijui nikufanyeje. Fedha ulizomnyima mwanao, leo kuku wanazitagia.

Asubuhi hii Mama ameniuliza kama Lazaro alikufa bure. Nikajifanya sikusikia, nikaendelea kupepeta ulezi. Ataniuliza tena, namjua. Nakuahidi, Baba, nitamjibu hapana. Nitamdanganya mama yangu mchana kweupe, mimi uliyenichapa kwa sababu ya uongo wa kipande cha nyama.

Kaa salama huko uliko. Mfunike Lazaro vizuri, kifua chake hakipendi baridi.

Mwanao,
Tamari