Valvu Zilizotoka Kwako

Karakana ya Baba,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa kaka,

Habari za huko? Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba kikohozi cha wifi kimepoa. Sisi wazima, ila mama magoti yanamsumbua na hataki kuambiwa atulie.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu nitalia.

Zile valvu ulizotutumia nilizifunga chini ya boti ya shemeji, pale maji ya bahari yanapoingia kupoza injini. Ulisema ni shaba nyeusi yenye nikeli, isiyoliwa na chumvi. Unaijua desturi ya karakana hii tangu enzi za baba: kila chuma kigeni hulazwa kwanza kwenye ndoo ya maji ya bahari, tuone tabia yake. Zako sikuzilaza. Zimetoka kwa kaka, nizipime ya nini?

Juzi, boti ikiwa mbali na nchi kavu, moja ilikatika. Shemeji aliziba tundu kwa shati na mwili wake mpaka boti ikavutwa gatini. Amerudi mzima, lakini hata kikombe cha chai hakishiki, dada anamnywesha kama mtoto.

Ile valvu niliibana kwa koleo ikavunjika kama biskuti. Ndani ilikuwa na rangi ya waridi, vitundu vitupu. Shaba ya njano hiyo, kaka, ya mabomba ya jikoni! Chumvi imekula zinki yote, ikatuachia ganda.

Nilikutetea mbele ya wote. Nikasema nawe umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kisha nikakupigia simu, nikasema tu boti imeingiza maji. Valvu hata sijazitaja, ukadakia: "Zile valvu? Mbona nilidhani zingefika hata mwaka!"

Kumbe ulijua. Ulizishika mkononi, ukajua ni nani atakayekaa juu yake baharini, ukafunga boksi. Nimekasirika kaka, nimekasirika mpaka spana zinanidondoka.

Zilizobaki nimezing'oa zote.

Msalimie wifi na uwabusu watoto. Mama anakusalimu. Shemeji naye anakusalimu, hana kinyongo, kwa sababu hajui. Mungu akulinde huko kuliko ulivyotulinda sisi.

Dada ameuamini utetezi wangu. Anakuonea huruma, ati umetapeliwa ugenini, na jana amenisihi nikuandikie neno lake moja. Basi nalifikisha: anasema usijilaumu.

Wako akupendaye bado, na hilo ndilo linaloniuma,
Mdogo wako