Minyaa ya Mama Rehema

Mpendwa mke wangu, Mama Rehema,

Korosho zimeanza kuanguka huku Chumbi, na vuli nayo imeanza kurusha matone. Nakuandikia kwa sababu bintiyo amehamia nyumba mpya, na ua wako wa minyaa ndio uliotuonyesha pa kuijenga. Ungekuwapo ungenikatiza kila nilipoanza kueleza, kama ulivyozoea. Leo hunikatizi, kwa hiyo nitaeleza nipendavyo, na waraka huu nitauacha wazi ili jirani yeyote mwenye kiwanja bondeni ausome.

Ulipokuja bibi harusi kutoka Kondoa, katika mizigo yako kulikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa kanga kuukuu. Mama yangu alidhani ni zawadi ya mkwe. Ukakifungua, vikatoka vijiti vya kijani, vinene kama penseli, bila jani la kuonekana. Mama akanivuta pembeni. "Mwanangu, mkeo katuletea kuni mbichi."

Ulisikia, maana hakujua kunong'ona.

"Si kuni, mama. Huu ni mnyaa. Kwetu nyumba isiyo na ua wa mnyaa ni kama haina mlango."

"Na mbuzi wa jirani wakiula?"

"Mbuzi akiula mara moja, mara ya pili anapita mbali."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tangu siku hiyo alikupenda, ingawa mti wako aliendelea kuuita kuni.

Mimi nilikuwa mwalimu wa biolojia na mnyaa nilikuwa nimeuona kitabuni tu. Kwa hiyo niliusoma kwa macho, nikiwa nimechuchumaa uani huku wewe ukifagia na kuniambia nisogee. Nikaona kwamba majani unayo, ila ni madogo sana, yako kwenye ncha changa, na huanguka upesi kabla mtu hajayatambua. Kazi ya jani imehamia kwenye kijiti chenyewe, ndiyo maana ni kijani tangu chini hadi juu. Vitundu vyake vya kupumulia hufunguka zaidi usiku kunapopoa, ili jua lisiunyang'anye maji. Na ndani umejaa utomvu mweupe kama maziwa, mkali kama pilipili iliyokasirika. Ni mmea uliofunzwa na nchi kavu kuishi kwa akiba yake.

Sisi tulikaa bondeni, mahali ambapo mto ukifurika mpunga hushukuru. Ukapanda vijiti vyako kuzunguka nyumba. Masika yakapita, vikabaki kijani kibichi, na mama akaanza kujisifu kwa wageni kwamba kuni za mkwewe zimeshika. Kisha siku moja kuku aliruka juu ya kimojawapo, kikalala chini pamoja naye. Tulipoutazama mzizi, ulikuwa uji mweusi. Kingine vivyo hivyo, na kingine. Wote tulishangaa isipokuwa wewe.

"Mnyaa unabeba maji yake mwilini," ukasema. "Mizizi inaweza kufa na huku juu kusiwe na habari. Ukitaka kujua mnyaa mzima, usiutazame. Ubonyeze shina pale linapoingia ardhini."

Ukavikata vile vilivyokuwa na afya, ukavilaza kivulini mpaka vidonda vyao vikakauka, maana kijiti kikipandwa na jeraha bichi huoza. Ukavipeleka kwenye shamba letu la mikorosho huku juu, kwenye mchanga. Ukapanda safu ndefu inayofuata mpaka wa shamba, kutoka kileleni ikishuka hadi njia ya kisimani. Miaka ikapita, vijiti vikawa miti.

Watu walianza kukujia kwa haja zao. Wengine walitaka tone la utomvu la kuchomea sugulu, vile vinundu vya ngozi, nawe ulilitia kwa ncha ya njiti, ukiwakataza kugusa ngozi iliyo salama. Wengine walitaka mpaka usioliwa na wanyama wala kuhamishwa kwa siri, ukawagawia vijiti. Wengine waliamini kwamba mnyaa hufukuza nyoka. Hilo mimi sikulithibitisha, kwa sababu nilishamwona nyoka akiota jua chini yake kwa raha zake.

Nakumbuka zaidi siku vijana walipokuja na mapanga. Mto ulikuwa umerudi nyuma ukaacha madimbwi yenye samaki, nao walitaka matawi ya kuponda na kutia majini. Watu wa pwani huuita utupa kila mmea wa kulewesha samaki, na mnyaa nao umo katika jina hilo. Ukasimama mbele ya ua.

"Samaki mkubwa na kifaranga chake wote watalewa. Mwakani mtavua nini, matope?"

"Mama mwalimu, wewe Mrangi wajua nini habari za samaki? Kwenu si mnawaona kwenye kopo?"

"Ndiyo maana nawaheshimu," ukajibu, na hata wao wakacheka. Waliondoka bila tawi.

Na ile siku Rehema, angali mdogo, alipovunja kijiti akajipangusa jicho. Kilio chake nakisikia hata sasa. Hukupiga kelele. Ulimlaza, ukamwosha kwa maji safi, mtungi baada ya mtungi, kisha tukakimbia naye zahanati. Jicho lilipona. Ulipomrudisha ulimpeleka mbele ya ule mti, ukamwambia, "Huyu ni askari wetu. Askari hachezewi, ila hachukiwi."

Sasa Rehema ni mama wa watoto wakubwa. Mafuriko ya masika yaliyopita yaliichukua nyumba yake ya bondeni, kuta na vitanda, tukashukuru kwamba watu walitoka salama. Akaja kwangu huku Chumbi na wanawe, na mumewe akabaki Nyamisati kwenye kazi yake ya kupakia maboti. Kwa miezi kadhaa sikumwona bintiyo akikaa kitako mawingu yanapotanda. Alisimama mlangoni akitazama upande wa mto. Nikimpigia simu nikiwa Kibiti mjini kwa haja zangu, neno lake la kwanza lilikuwa, "Baba, huko kunanyesha?"

Nikampa shamba la mikorosho ajenge. Uwezo wake na mumewe ulitosha nyumba moja tu, wala hapakuwa na nafasi ya kukosea mara ya pili. Akachagua mwisho wa chini, karibu na kisima na karibu na mpunga wake. Fundi wetu, Shomari, alikuwa tayari amefunga kamba za msingi.

Nikamwambia, "Mwanangu, hapa ni chini mno."

"Baba, maji hayakufika hapa. Tazama, hakuna alama ya tope hata kwenye mkorosho. Halafu tazama ua wa mama, kijani mpaka njiani. Si ninyi wenyewe mlionifundisha kwamba mnyaa hauwezi maji?"

Alikuwa amelishika somo letu vizuri, ila amelishika nusu. Nilitazama ile safu ya kijani na mimi mwenyewe nikakaribia kukubali. Ndipo maneno yako kuhusu shina yakanijia. Nikaenda kwenye mnyaa wa karibu na kamba, nikabonyeza chini kwa ncha ya fimbo yangu. Fimbo ikaingia kama kwenye papai lililoiva. Shomari akausukuma mti kwa kiganja, ukainama taratibu, ukalala na kijani chake chote.

"Lo, Mwalimu," akasema, "huu umekufa kiungwana. Hata ukoo haujapelekewa habari."

Hatukucheka sana. Maji hayakupita juu ya ardhi ile. Yalipanda kutoka chini, yakakaa mchangani majuma mengi bila mtu kuyaona, yakaozesha mizizi. Msingi ungelala mahali hapo hapo.

Nilitaka kueleza zaidi, lakini Rehema alishanipokonya fimbo. Akapanda na safu, akainama kwenye kila shina, akabonyeza. Laini. Laini. Huu una uhai upande mmoja. Shomari alimfuata akizungusha kamba zake mkononi, akilalamika kwamba ana kazi nyingine Ikwiriri. Rehema alizidi kupanda. Kule juu, penye mikorosho ya zamani, fimbo ikagoma. Akajaribu mti unaofuata, na wa pili yake, yote migumu kama nguzo. Akageuza uso pembeni, akagusa tawi kwa panga la Shomari, na maziwa yakatoka papo hapo, meupe, mazito.

"Hapa," akasema.

"Mbali na kisima, dada," Shomari akamwambia.

"Kisima nitakifuata mimi. Kisima kikinifuata, nitakimbilia wapi?"

Basi nyumba imesimama hapo. Kule chini amepanda magimbi, ambayo maji mengi kwayo ni karamu. Na pale minyaa ilipokufa, hakuna aliyeng'oa mashina kwa mikono mitupu, nilihakikisha hilo.

Juzi mchana, mvua kubwa ya kwanza ilianguka. Nilikuwa Kibiti, chini ya mabati yanayopiga kelele, simu ikaita. Nilipoona ni Rehema niliipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Baba, huku kunanyesha."

"Nasikia, mwanangu. Uko salama?"

"Niko salama. Nimepika wali wa nazi na kambare, na watoto wanakuulizia. Mvua ikipungua uje, usingoje ikatike."

Nilivaa koti nikaenda. Nilimkuta amekaa kitako barazani, mgongo ukutani, akichambua mchicha huku mvua ikishuka mbele yake.

Mola akulaze pema, mke wangu. Nakuombea kila baada ya swala, na kwa haya ya mwaka huu naongeza shukrani.

Ni mimi mumeo,
Baba Rehema